Walimu wa Kiingereza: jarida la English Teaching Forum mnalitumiaje kwenye darasa la watoto 78 bila kopi?

Ticha_Iramba

Habari zenu walimu wenzangu, na wakubwa shikamooni. Nafundisha ung'eng'e sekondari moja ya kata huku Singida, kidato cha kwanza na cha pili. Juzi kati rafiki niliyesoma naye chuo kanirushia kwenye simu mafaili kibao ya jarida la English Teaching Forum, lile la Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ambalo ni la miezi mitatu mitatu, nimekuwa nayasoma usiku na kusema ukweli nimeyapenda. Makala nyingi zimeandikwa na walimu wenyewe, wa nchi mbalimbali, mtu anakueleza darasa lake likoje, alianzaje, watoto walikwama wapi, alibadilisha nini. Ile sehemu ya Try This ndo imenikamata zaidi mana wanakuandikia kabisa zoezi ni la level gani, linachukua dakika ngapi, uandae nini na uende hatua kwa hatua.

Sasa shida inakuja ninapoingia darasani. Mkondo A nina watoto 78, B nao karibu hivyo hivyo, wanakaa watatu watatu kwenye dawati, projekta hakuna, umeme upo ofisini tu, na kopi hapo senta ni shilingi 100 ukurasa kwahiyo nikisema kila mtoto apate karatasi yake ni 7,800 kwa mkondo mmoja kwa zoezi moja, na hela hiyo inatoka mfukoni kwangu. Alafu watoto wenyewe wametoka shule ya msingi walikosoma kila kitu kwa Kiswahili miaka saba, wanafika huku wanakutana na Biology na Geography kwa Kiingereza, wakifeli macho yote ya ofisi yanageukia kwa mwalimu wa English.

Sitaki kuendelea na ule mtindo wa kujaza notes ubaoni wanakopi kengele inalia tunaondoka. Naona kabisa humu ndani kuna kitu cha kuwasaidia hawa watoto. Naomba anayetumia kweli kweli anielekeze, unachaguaje zoezi, unalifanyaje bila kopi, na unaliingizaje lisigongane na azimio la kazi, ule mpango wa mada za muhula, mana mkuu wa shule anataka aone mada zinaisha na mthibiti ubora, yani mkaguzi, akija anaomba andalio la somo. Na kelele je? Kipindi ni dakika 40 na ukuta kati yetu na darasa la jirani haujafika juu.

---

Madam Rehema wa Moro

Mwalimu hongera kwanza kwa kusoma, wengi tunapokea hayo mafaili yanalala kwenye simu mpaka memori ijae tunafuta.

Mimi nayatumia na nina madarasa makubwa kama yako. Kitu nilichokuja kukishika ni kwamba kwenye lile jarida unachochukua ni utaratibu wa zoezi, yani nani anaongea na nani, nani ana taarifa ambayo mwenzake hana, wanabadilishana vipi. Yaliyomo ndani, ile stori na zile picha na majina, unaweza kuyaacha yote ukaweka ya kwenu. Ukishajua hilo suala la kopi linapungua sana kwasababu huhitaji kutoa kopi ya ukurasa wao, unaandika wa kwako.

Nikupe la kwanza ambalo halina gharama hata senti. Mada ya kuelekeza njia. Unachora ramani ya kijiji ubaoni, stendi, zahanati, mnada, msikiti, kanisa, kisima, shule, barabara mbili tatu. Kila dawati mtoto mmoja anaangalia ubao, wawili wanageuka wanaupa mgongo wakiwa na daftari na penseli. Anayeangalia anawaelekeza kwa Kiingereza, the dispensary is opposite the market, turn left at the mosque, wao wanachora. Hawaruhusiwi kugeuka na yeye haruhusiwi kuonyesha kwa kidole. Baada ya dakika saba nane wanageuka wanalinganisha na ubao. Unafuta unachora nyingine, anaangalia mwingine. Kwenye majarida utakutana sana na aina hii ya zoezi, mmoja ana taarifa mwenzake hana, na siri yake ni kwamba mtoto analazimika kuongea kwasababu bila kuongea kazi haiendi. Kwa watoto 78 una watu 26 wanaongea Kiingereza kwa wakati mmoja, linganisha na ule utaratibu wa kunyoosha mkono ambapo kipindi kizima wanaongea watoto sita na ni wale wale.

La pili ni imla ya kukimbia, wenyewe wanaita running dictation. Unaandika aya fupi ya Kiingereza, sentensi sita au saba, kwenye karatasi kubwa. Mimi natumia mfuko wa sementi, ule upande wa ndani, naukata na naandika kwa marker peni. Unabandika nakala nne tano kwenye kuta au koridoni. Kundi linakaa, mmoja anaenda kusoma sentensi, anaikariri, anarudi anawatajia, wenzake wanaandika, anaenda mwingine kwa sentensi inayofuata. Hapo wamesoma, wameongea, wamesikiliza na wameandika na wewe umetumia mfuko uliokuwa unaenda kuchomwa. Sheria ya lazima ni kwamba wanapokezana, aliyetoka kwenda haendi tena sentensi inayofuata, ukiacha hiyo yule anayejua ataenda mara zote.

Kuhusu andalio usiogope. Ile hatua ya mazoezi, baada ya kufundisha kitu kipya, ndo mahali pake. Utangulizi na maarifa mapya unafanya kama kawaida, unafundisha past tense yako, alafu badala ya yale maswali kumi ya kujaza nafasi unaweka imla ya kukimbia yenye aya iliyojaa past tense. Mada ni ile ile na azimio ni lile lile. Mthibiti ubora akikuta watoto wanafanya hivyo atafurahi mana ndo wanachotusisitizia siku zote, mtoto atende.

---

chaki_na_vumbi

Nimesoma vizuri na namheshimu madam lakini naomba tuongee na upande wa pili, mana mimi nina wasiwasi wangu na nausema kwa nia njema kabisa.

Kwanza lile ni jarida la Wamarekani. Vitabu vyetu na mitihani vinakwenda na Kiingereza cha Uingereza. Mtoto wangu akishazoea color na center na traveled kwenye karatasi ya zoezi nani atamrekebisha kwenye mtihani? Pili mambo mengine ya humo ni ya maisha yao, mtoto wa Kishapu unamsomesha habari ya sherehe ambayo hata mwalimu hajawahi kuiona, nusu ya kipindi unaeleza mazingira badala ya lugha.

Tatu na hili ndo kubwa, haya mazoezi ya vikundi kwa madarasa yetu anafaidika aliyekuwa anajua tayari. Nimeona kwa macho yangu. Kundi la watoto sita anaongea mmoja, wawili wanaandika alichosema, watatu wa nyuma wanaongea Kisukuma wanacheka. Kipindi kinaonekana kimechangamka, mkuu wa shule akipita dirishani anafurahi, lakini ukimwita yule wa nyuma mmoja mmoja umuulize hana hata sentensi moja. Watoto wa aina hiyo ndo wengi na ndo wanaotuumiza kichwa wote hapa, kwahiyo kabla hatujamwambia huyu mwalimu mdogo akimbilie magroup tumwambie atawafikiaje hao.

---

Madam Rehema wa Moro

@chaki_na_vumbi kaka hoja yako ya tatu ni ya kweli na ni ya maana kuliko zote zilizosemwa hapa. Hiyo ndo sababu mimi sipangi makundi ya sita. Dawati moja ni kundi moja, watatu, basi. Kwenye watatu hakuna pa kujificha, kwenye ile ramani mmoja akinyamaza wenzake hawana cha kuchora.

Na unaweza kupanga kazi zenyewe zimtafute yule wa nyuma. Kwenye imla mimi anayeandika namchagua mimi, nampa peni yule dhaifu, wenzake ndo wanamtajia herufi kwa herufi akikwama. Yule anayejua sana akitajia anajifunza kutamka vizuri asikike, na yule dhaifu mkono wake ndo umeandika sentensi saba za Kiingereza sahihi. Ukitaka uhakika zaidi mwambie kila dawati kwamba mwisho utamwita mtu yeyote kati yao asome walichoandika, na unamwita kweli yule wa pembeni. Kuanzia wiki inayofuata utaona wenzake wanamwandaa wenyewe.

Hilo la color na colour ukiandika maandishi yako mwenyewe linaisha, unaandika unavyotaka. Na mambo ya sherehe zao unaruka tu, hakuna aliyesema utumie kila ukurasa.

---

Mwl Mstaafu Lushoto

Marahaba wanangu. Nimestaafu lakini nimekaa darasani muda mrefu, na mjadala huu umenivuta.

Jarida hilo ni la zamani, lilianza mwanzoni mwa miaka ya sitini, enzi zetu lilikuwa la karatasi, chuoni tulikuwa tunalikuta maktaba, tunaligombania mana nakala ilikuwa moja na watu wengi. Kwahiyo kijana kuwa nalo lote kwenye simu ni neema kubwa sana, usiichukulie poa.

Nataka niongeze mawili matatu. La kwanza ni kuhusu kusoma. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walitoa ripoti juu ya Kiingereza katika shule zetu, wakakuta hali ni mbaya, wanafunzi wengi wa sekondari hawana lugha ya kutosha kusomea masomo mengine. Baada ya hapo ulikuja mradi wa Uingereza wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, yakaletwa mashuleni maboksi ya vitabu vidogo vidogo vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, rahisi mpaka vigumu. Nilichokiona mimi ni kwamba mtoto aliyesoma hadithi nyingi rahisi alitangulia wenzake, hata yule asiyependa kuongea darasani. Nasema hivi kwasababu naona mazungumzo yenu yote ni ya michezo ya kuongea, na jarida hilo lina makala nyingi pia za kusoma, namna ya kumfanya mtoto asome kwa wingi na kwa kupenda. Msiziruke. Fungua kabati la shule yako mwanangu, angalia nyuma ya vitabu vya kiada, shule nyingi zina vitabu vya hadithi vimefungwa na kamba vinaliwa na mchwa, na ufunguo hajulikani anao nani.

La pili, msiogope kutoa maelekezo ya zoezi kwa Kiswahili mwanzoni. Vijana wa siku hizi mnaambiwa ukiingia kipindi cha English usiseme hata neno la Kiswahili, matokeo yake mwalimu anatumia dakika kumi na tano kueleza mchezo kwa Kiingereza na watoto hawajaelewa wafanye nini, alafu inasemekana mchezo haufai. Eleza kwa Kiswahili dakika mbili, onyesha na dawati moja mbele wote waone, kisha kazi yenyewe ndo ifanyike kwa Kiingereza. Mara ya tatu ya mchezo ule ule maelekezo yape kwa Kiingereza, wataelewa mana wanajua tayari kinachofuata.

La tatu, kuna sehemu inaitwa Reader's Guide, ina maswali juu ya makala za toleo husika. Watu wengi wanaipita. Hiyo ni ya walimu kukaa wakajadili. Siku hizi mna MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, na zile jumuiya za ujifunzaji, mnakaa mnatafuta cha kuzungumza, basi chukueni makala moja kila mtu aisome kwenye simu yake kabla, mkikutana mjibu yale maswali, kisha mkubaliane wote mtajaribu kitu gani kimoja wiki inayofuata na mkutane tena kuambiana kilichotokea. Ukifanya peke yako utachoka mapema na wenzako ofisini watasema unajipendekeza.

---

mwalimu_Kilifi

Salaam kutoka ng'ambo ya mpaka, nafunza junior school huku Kilifi, Kenya. Sisi watoto wanaanza kusomeshwa kwa Kiingereza mapema kuliko nyinyi lakini msidhani hali ni tofauti sana, mtoto wa huku bara ya Kilifi nyumbani ni Kigiryama, barabarani Kiswahili, Kiingereza anakutana nacho kwa mwalimu tu.

Mimi zoezi lililonishika kwenye hilo jarida ni lile la Find someone who, limo sana na kwa sura tofauti tofauti. Sitoi kopi. Nawasomea maswali wenyewe wanaandika kwa daftari, na kule kuandika tayari ni imla. Find someone who has crossed by the Likoni ferry, someone who can cook mahamri, someone who has never climbed a coconut tree. Kisha wanazunguka wanaulizana, have you ever, can you, do you, na kila swali jina jipya. Maswali nayatunga kwa mambo ya huku ndio wapate majibu ya kweli, ukimuuliza mtoto kama amewahi kuteleza kwenye theluji darasa zima watajibu no na mchezo umekufa hapo hapo.

Kwa darasa la kujaa sana hawawezi kuzunguka wote, hivyo safu mbili zasimama, safu mbili zakaa. Waliokaa ndio wenyeji, waliosimama wanapita kwao. Baada ya dakika kumi wanabadilishana. Na kelele, mwalimu, mimi niliongea na jirani yangu wa Maths nikamwambia Jumatano kipindi cha tatu kutakuwa na sauti, naye akapanga siku hiyo awape sums za kufanya wenyewe. Kama kuna mwembe nje toka nao, huku kwetu chini ya mwembe ni darasa kamili.

Lingine, kila toleo kuna chemshabongo nyuma, The Lighter Side. Naiandika ubaoni Ijumaa alasiri ama naipeleka English club. Watoto wanaokataa kufungua mdomo darasani wanakuja wenyewe kwa ubao kujaribu. Sijui ni kwa nini fumbo huwavuta hivyo lakini huwavuta.

---

Ticha_Iramba

Walimu asanteni mno, shikamoo mzee wa Lushoto. Ni kweli kabati lipo na nimeulizia ufunguo leo, anao mwalimu aliyehama kwenda ukuu wa shule kata ya jirani, nimeshampigia.

Naona nianze na ile ramani kwasababu haihitaji chochote. Imla nitaifuatishia kwenye past tense. Nina maswali mawili bado. Moja, kuna makala nyingi za jigsaw, kila kundi linasoma kipande chake kisha wanachanganyika wanaelezana, hiyo kwa madawati yangu ambayo hayasogei inawezekana? Pili kusahihisha. Imla ikiisha nitakuwa na madaftari 78 mara mikondo miwili na bado nina kidato cha pili, nikisema nisahihishe yote sitalala, nikiacha kusahihisha mzazi na mkuu wa shule wanaona mwalimu hafanyi kazi.

---

Madam Rehema wa Moro

Jigsaw inawezekana na hapo ndo unaweza kutumia kopi kidogo. Tafuta au andika habari yenye aya nne. Ziandike kwa mkono vizuri kwenye ukurasa mmoja ukiacha nafasi kati yake, toa kopi saba za ukurasa huo, kata kila ukurasa vipande vinne, una vipande 28, madawati yako ni 26. Umetumia 700 na sio 7,800, na vipande hivyo hivyo unavitumia mkondo B kesho yake ukivikusanya. Mimi navibandika kwenye maboksi yaliyokatwa vikae muda mrefu.

Sasa kwa kuwa madawati hayasogei usiwasogeze watu wote. Dawati la mbele linasoma aya ya kwanza, la nyuma yake ya pili, linalofuata ya tatu, kisha ya nne, unarudia hivyo mpaka mwisho wa safu. Wanasoma watatu pamoja, wanakubaliana aya yao inasema nini, wanafunika karatasi. Hatua ya pili dawati la kwanza linageuka nyuma linaongea na la pili, la tatu linaongea na la nne. Hatua ya tatu kila dawati linatoa mjumbe mmoja anayekwenda kwenye dawati lenye aya ambayo hawajaisikia, anarudi na habari. Alafu unaandika maswali ubaoni, na maswali yenyewe uyatunge hivi kwamba huwezi kujibu swali kwa aya moja. Hilo ndo kosa ninaloliona kwa wengi wanaofanya jigsaw, maswali yao yanajibika kwa kipande kimoja kwahiyo mtoto hana haja ya kumsikiliza mwenzake.

Kusahihisha sasa. Kazi ya imla ni moja kwa kila dawati, kwahiyo una daftari 26 na sio 78. Na hizo 26 huzibebi. Dawati linabadilishana na la nyuma yake, unafungua ile karatasi kubwa ubaoni, wanasahihishana kwa kalamu nyekundu wakiangalia neno kwa neno, na hapo ndo wanasoma kwa makini kuliko wakati wowote. Wewe unazunguka na kijidaftari unaandika makosa matatu yanayojirudia, basi, ndo utangulizi wa kipindi kinachofuata. Unapitisha saini yako kwenye daftari ili ionekane umeziona. Insha ndo unazibeba nyumbani, tena nazo kwa zamu, safu mbili wiki hii safu mbili wiki ijayo.

---

chaki_na_vumbi

Hilo la kumpa peni yule dhaifu nimelichukua, na la mzee kuhusu Kiswahili cha maelekezo pia. Bado nasema mwalimu asilijaze azimio lake kwa haya. Moja kwa wiki inatosha, tena zoezi lile lile alirudie na mada tofauti mpaka watoto walizoee, kuliko kila wiki mchezo mpya ambao nusu ya kipindi inaishia kwenye kueleza sheria. Na kwa kidato cha pili usisahau mtihani wao una ufahamu na ufupisho na utungaji, kwahiyo kwao tumia hiyo jigsaw, na mwisho wa jigsaw badala ya maswali waambie waandike muhtasari wa habari yote kwa maneno yao. Hapo umefundisha kwa njia ya jarida na umeandaa mtihani kwa pamoja, hakuna mkuu wa shule atakayelalamika.

---

mwalimu_Kilifi

@chaki_na_vumbi naunga mkono kabisa hilo la kurudia. Wangu Find someone who wamelifanya kwa present perfect, kwa can, kwa likes and dislikes, na kila mara maelekezo yanapungua.

Ticha, jambo moja la haki, ukitumia kitu chao vile kilivyo andika chini umekitoa wapi, hata kama ni ubaoni. Watoto waone kwamba kazi ya mtu hutajwa.

---

Ticha_Iramba

Nimeelewa wote, asanteni. Madam naomba unisaidie kitu kimoja cha mwisho, aya ya imla ya kuanzia, ya past tense, nione urefu na ugumu unaofaa kwa kidato cha kwanza, alafu zinazofuata nitatunga mwenyewe.

---

Madam Rehema wa Moro

Hii hapa, nimekuwekea ya huko huko kwenu:

Last year my aunt grew sunflowers. She worked on the farm with her two sons. In June they cut the flowers and dried them in the sun. They sold six bags to a man from Singida town. My aunt kept two bags and made cooking oil. She bought a bicycle and school shoes for the boys. The boys rode the bicycle to the market every Saturday.

Sentensi saba, vitenzi vya kawaida ni viwili, worked na dried, vimechanganywa na vile vigumu, grew, cut, sold, kept, made, bought, rode. Ni maneno ya maisha yao kwahiyo hutatumia muda kueleza alizeti ni nini. Wakimaliza kusahihishana waambie wapigie mstari kila kitenzi cha past na waandike pembeni umbo lake la sasa, hiyo ndo homework yao. Kipindi kinachofuata waandike sentensi tano za kwao kuhusu mtu wa nyumbani kwao na kazi aliyofanya mwaka jana.

Andika kwa herufi kubwa za kutosha mtoto asome akiwa hatua mbili, na acha mstari kati ya sentensi na sentensi, mana wakisongamana watatu wanne mbele ya karatasi wanapotezana wasijue wako sentensi ya ngapi. Gundi ya uji wa unga wa ngano inashika vizuri ukutani. Na usibandike nje, upepo wa Singida tunaujua, karatasi itaondoka kabla ya sentensi ya pili. Bandika koridoni upande wa ndani.